Basi la Umeme na Chungu cha Jioni

Wako wasomaji watakaoshangaa kukuta habari za mabasi katika kurasa hizi, ambazo kwa kawaida hutuletea mashauri ya malezi, mapishi na usafi wa nyumba. Nawaomba radhi mapema, lakini nadhani kabla hawajafika katikati ya maelezo haya watakubali kwamba basi la umeme ni jambo la jikoni kama ilivyo sufuria. Mimi ni mtumishi wa serikali hapa Kampala. Kabla ya kuingia ofisini nilisomea ualimu nikapata cheti, nikafundisha hesabu katika shule ya msingi kwa miaka minne. Tabia ya kupiga hesabu ubaoni haijanitoka, na leo nitaitumia.

Tunakaa upande wa mashariki wa mji, si mbali na barabara kuu iendayo Jinja. Mwanangu wa pili, mwenye umri wa miaka saba, ana pumu. Asubuhi, foleni ya teksi inapojipanga tangu Bweyogerere mpaka karibu na mjini, moshi wa dizeli hupanda mpaka kwenye madirisha yetu, na mama yake huyafunga hata kama kuna joto. Teksi kwetu Kampala ni yale magari madogo ya abiria 14 ambayo wenzetu wa Dar es Salaam waliyaita vipanya na wa Nairobi huyaita matatu. Mengi yameletwa yakiwa yamekwisha tumika kwingine, nayo hutoa moshi mzito hasa yanapopanda vilima. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba yapo mabasi yasiyotoa moshi hata kidogo, mimi sihitaji kushawishiwa. Nayataka hata kesho.

Walakini pana upande wa pili. Mtoto huyo huyo, kifua kikimbana, hutibiwa kwa mashine ndogo ya kumvukizia dawa, na mashine hiyo hutumia umeme. Kifua chake aghalabu hubana jioni. Na jioni ndiyo saa ambayo kila nyumba ya mtaa wetu imewasha taa, televisheni, pasi na jiko. Mwaka juzi, katika majira ya mvua, transfoma ya mtaa ilizidiwa ikaungua yapata saa mbili usiku, nasi tukakaa gizani siku mbili. Usiku ule mama watoto alimfunga mtoto mgongoni akapanda pikipiki kwenda zahanati yenye jenereta, nami nikabaki na wadogo. Mtoto alipata nafuu, tunamshukuru Mungu. Fundi aliyekuja baadaye alinieleza kwa lugha nyepesi kwamba transfoma ile haikuharibiwa na wingi wa umeme tuliotumia kwa mwezi, bali na wingi wa watu waliotumia kwa saa moja.

Maneno ya fundi yule ndiyo kiini cha habari ya mabasi ya umeme, na ajabu ni kwamba katika hotuba nyingi za sifa ya mabasi haya huyasikii.

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Wazee wa mji huu hukumbuka mabasi ya UTC yaliyokwenda kwa ratiba. Yalipotoweka, teksi zilichukua nafasi, na ratiba ikafa: teksi huondoka ikijaa, na nauli hupanda mvua ikinyesha. Mwaka 2012 kampuni ya Pioneer Easy Bus ilileta mabasi makubwa mjini, nayo yakasimama kazi mwishoni mwa mwaka 2013 kwa mgogoro wa kodi. Upande wa umeme, mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walionyesha gari dogo la umeme la viti viwili, Kiira EV. Kutokana na kazi ile likazaliwa shirika la serikali la Kiira Motors, ambalo mwaka 2016 lilionyesha basi la viti 35 lililopewa jina la Kayoola, lenye vioo vya kupokea jua juu ya paa.

Wengi wetu siku ile tulidhani kwamba basi litaendeshwa na jua bure. Hebu tupige hesabu. Paa la basi kubwa lina nafasi ya kutoa labda yuniti 20 za umeme kwa siku nzuri ya jua. Basi kubwa la mjini hula yuniti moja au zaidi kidogo kwa kila kilometa. Likitembea kilometa 200 kwa siku, paa limelipa sehemu ya kumi tu. Zilizobaki hapana budi zitoke katika nyaya. Basi lililofuata, Kayoola EVS, ni kubwa zaidi: watengenezaji wanaeleza kwamba huchukua abiria 90, waliokaa na waliosimama, na huweza kwenda kilometa 300 kwa betri iliyojaa. Kutoka Kampala mpaka Entebbe ni kama kilometa 40, basi kwenda na kurudi mara tatu kunawezekana bila kuchaji njiani. Tena vilima vyetu, ambavyo huwatesa madereva wa dizeli, humpa dereva wa umeme zawadi kidogo, kwa sababu basi linaposhuka kutoka Makerere au Nakasero mota yake hugeuka ikawa jenereta na kurudisha sehemu ya umeme katika betri.

Sasa tuje ubaoni. Nyumba yangu hutumia yuniti kama 70 kwa mwezi. Najua kwa sababu mimi ndiye ninunuaye Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla ambao wenzetu wa Tanzania huuita LUKU. Basi moja likihitaji yuniti 200 kila usiku, basi hilo kwa usiku mmoja limekula chakula cha nyumba yangu cha karibu miezi mitatu. Tuseme shirika fulani lina mabasi 50, nayo yote hurudi katika karakana moja kati ya saa moja na saa mbili usiku. Dereva amechoka, anataka kwenda kwake. Anachomeka waya, anaaga. Chaja moja ikivuta kilowati 100, chaja 50 zitavuta kilowati 5,000 kwa mara moja. Birika la umeme la kuchemshia chai huvuta kilowati 2. Kwa hiyo karakana ile itakuwa sawa na nyumba 2,500 zilizoweka birika motoni kwa dakika ile ile, na saa yenyewe ni ile ile ambayo mama watoto anachemsha maharage na mimi natafuta mahali pa kuchomeka mashine ya mtoto.

Mabasi hayo 50 yanahitaji yuniti 10,000 kwa usiku. Yakingoja mpaka saa sita usiku, umeme huo huo ukagawanywa kwa saa sita mpaka alfajiri, karakana itavuta chini kidogo ya kilowati 1,700 wakati wowote. Ni theluthi moja tu ya zile 5,000. Transfoma inayohitajika ni ndogo, waya ni mwembamba, gharama ni nafuu, na jirani halali gizani. Yuniti hazikupungua hata moja. Kilichobadilika ni saa.

Hiki ndicho wataalamu wanachokiita uchajishaji wenye akili. Mimi neno akili hapa linanichekesha kidogo, maana jambo lenyewe ni zamu, na zamu bibi zetu waliijua bombani. Mabinti ishirini wakifika na jerikeni kwa pamoja na kila mmoja akataka kukinga, maji humwagika na ugomvi huzuka. Wakipanga zamu, wote hurudi na maji. Tofauti ni kwamba katika karakana mpanga zamu ni kompyuta. Kompyuta hiyo huuliza kila basi mambo mawili: betri yako imebaki kiasi gani, na kesho unaondoka saa ngapi? Kisha huitazama transfoma, ikajua kiasi kisichofaa kuvukwa. Basi litakalotoka saa kumi na moja alfajiri kuwachukua akina mama wauza mboga wanaowahi sokoni Nakasero na Owino hupewa kwanza. Basi lililorudi na nusu ya betri, na ambalo halitoki mpaka saa tatu asubuhi, huambiwa lingoje. Wakati mwingine chaja haizimwi bali hupunguzwa, ikatoka kilowati 100 ikawa 30, kama mpishi anavyopunguza moto wali ukikaribia kukauka. Mfano huo wa wali ni wa kweli zaidi ya unavyofikiri, msomaji, kwa kuwa betri nayo ikikaribia kujaa haitaki moto mkali. Sehemu ya mwisho huingia polepole, na betri inayolazimishwa kila siku huzeeka mapema. Na betri ndiyo kitu cha ghali kuliko vyote katika basi hilo.

Uganda inayo sababu nyingine ya kupenda saa za usiku wa manane. Umeme wetu karibu wote ni wa maji. Bwawa la Owen Falls kule Jinja, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Bujagali likakamilika mwaka 2012 kwa megawati 250. Isimba mwaka 2019 kwa megawati 183. Na Karuma, lenye mitambo sita ya megawati 100 kila mmoja, lilizinduliwa rasmi Septemba 2024. Jumla ya uwezo wa nchi sasa umepita megawati 2,000. Mto Nile hausimami usiku. Maji yanayopita Karuma saa nane ya usiku bila kuzungusha mtambo yamekwenda zake Sudan Kusini, hatuyapati tena, na mikataba ya baadhi ya mabwawa inatutaka tulipie uwezo wa mitambo hata kama umeme wake haukupata mtumiaji. Ndiyo maana mamlaka inayosimamia bei za umeme, ERA, imewawekea wateja wakubwa bei za aina tatu: bei ya juu tangu saa kumi na mbili jioni mpaka saa sita usiku, bei ya chini tangu saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na bei ya kati mchana. Karakana ya mabasi ikichaji jioni italipa bei ya juu, na mwenye mabasi hatalipa kutoka mfukoni mwake. Atalipa yule mama wa mboga, kwa nauli.

Lakini sisi wa majumbani hatuna bei ya usiku. Yuniti yangu ya saa moja jioni ni bei ile ile ya saa nane ya usiku. Zaidi ya hapo, mwaka 2022 iliwekwa bei nafuu ya kupikia, kwa yuniti ya 81 mpaka ya 150 za mwezi, ili familia ziache mkaa. Mpango huo ni mzuri, na misitu yetu inauhitaji. Lakini mtu gani anapika chakula cha jioni saa nane ya usiku? Basi serikali inatuita tuweke chungu juu ya umeme jioni, na wakati huo huo inayaita mabasi kwenye umeme. Yote mawili ni mema. Yatagombana katika transfoma moja kama hapana mtu anayeyatazama pamoja, na hofu yangu ni kwamba mambo ya chungu yako katika ofisi moja na mambo ya basi yako katika nyingine. Nimefanya kazi ofisini miaka ya kutosha kujua umbali uliopo kati ya milango miwili ya ukumbi mmoja.

Tazama majirani. Nairobi, kampuni ya BasiGo ilianza mwaka 2022 kwa mabasi ya viti 25 ya BYD ya China, na wenye mabasi hulipia kwa kilometa, malipo ambayo ndani yake mna kuchaji na matengenezo. Mwaka 2023 Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa yuniti, na nusu yake, shilingi 8, katika saa ambazo matumizi ya nchi ni madogo. Mtu wa biashara akiona nusu bei hahitaji kuhubiriwa juu ya zamu. Mbali zaidi, mji wa Shenzhen huko China uligeuza mabasi yake yote kuwa ya umeme kufikia mwisho wa mwaka 2017, nayo yalikuwa zaidi ya 16,000. Kwa wingi huo hapana daftari la mlinzi litakalotosha. Na wenzetu wa Dar es Salaam, ambao mabasi yao ya mwendo kasi yalianza mwaka 2016 kwa dizeli, na ambao sasa wana bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, swali hili litawafikia wao pia.

Nimesema daftari la mlinzi, na sikulidharau. Karakana yenye mabasi kumi ingeweza kabisa kuendeshwa na mlinzi mwaminifu mwenye saa, tochi na orodha ya majina ya mabasi, akitembea saa sita, saa nane na saa kumi kuchomeka na kuchomoa. Ningependelea mlinzi huyo kuliko kompyuta ya bei kubwa isiyo na mtu wa kuitengeneza. Ila mabasi yakifika 30 au 50, mlinzi atachoka, na siku atakayolala usingizi, akina mama wa alfajiri watasimama kituoni.

Kompyuta nayo ina udhaifu wake. Haijui kwamba leo foleni ya barabara ya Jinja imelichelewesha basi namba 12 mpaka saa nne usiku, ila basi lenyewe limwambie. Intaneti ikikatika, chaja isiyo na ratiba iliyohifadhiwa ndani yake husimama kama mwanafunzi aliyesahau daftari nyumbani, au mbaya zaidi, huwasha zote kwa nguvu zote. Umeme wenyewe ukikatika saa nane mpaka saa kumi na moja, jambo ambalo kwetu si muujiza, ratiba nzuri kuliko zote haina la kufanya. Dawa yake ni kuacha akiba katika betri, na kuyachaji mabasi kidogo mchana kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, wakati abiria ni wachache na jua la juu ya mapaa ya karakana, ambayo ni makubwa kuliko paa la basi, linaweza kusaidia kweli.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wanunuzi wa serikali wangelitia maanani. Chaja na kompyuta ya kuziongoza huongea, na si lazima ziongee lugha moja. Duniani ipo lugha ya pamoja ya chaja ijulikanayo kwa herufi OCPP, ambayo kampuni nyingi huifuata. Chaja isiyoijua itamtii yule aliyeiuza tu, na siku akifunga duka nawe umefungwa naye. Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuhitaji kufundishwa faida ya lugha ya pamoja. Hapa Uganda baraza la mawaziri liliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, ingawa shirika lililotugawia umeme tangu mwaka 2005 mpaka mwisho wa Machi 2025 lilijiita Umeme, na watu wengi waliokuwa wakilipa bili zake hawakujua kwamba walikuwa wakitamka neno la Kiswahili. Wao wanasema amasannyalaze. Kazi ile sasa iko mikononi mwa shirika la serikali, UEDCL, na ndilo litakaloombwa nyaya za karakana hizo.

Ningekuwa na sauti katika zabuni ya mabasi, ningeomba mambo yaandikwe kabla ya sahihi: kiwango cha kilowati ambacho karakana haitavuka kati ya saa kumi na mbili jioni na saa sita usiku, transfoma yake iwe peke yake, isichangie na nyumba, na bei ya usiku iingie katika hesabu ya nauli, watu waione.

Mtaani kwetu hatukungoja zabuni. Jirani yangu wa nyumba ya tatu ni dereva wa boda boda, na mwaka jana alipata pikipiki ya umeme anayoichaji nyumbani. Wengi wa wenzake hubadilishana betri vituoni, lakini yeye anapenda kuichaji mwenyewe. Alikuwa akiichomeka kila akifika, saa moja jioni. Nilimwendea Jumapili moja, nikamweleza habari ya transfoma na ya mtoto. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kwa nini angoje saa sita maadam bei ni ile ile. Sikuwa na jibu la bei, kwa sababu halipo. Nilimwambia tu kwamba akichaji jioni na transfoma ikaungua, asubuhi hatakuwa na pikipiki ya kwenda kazini, wala mimi sitakuwa na mahali pa kuchomeka mashine. Alifikiri, akasema tatizo lake ni kuamka saa sita. Tukaenda naye katika duka la vifaa vya umeme tukanunua swichi ya saa, ile ya duara yenye meno ya kusukuma, tukaitega saa sita na nusu. Kila usiku hulia tiki, tiki mpaka ifike saa yake. Mkewe alilalamika usiku wa kwanza kwamba haimwachi alale, akaifunika kwa kitambaa cha meza.